Ukibuni kanula salama, anza na mikono ya muuguzi

Wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba hapa Dodoma wakitaka kubuni kanula (mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa mshipani kwa sindano) isiyomchoma muuguzi, wengi huanza kwa kuchora ncha ya sindano na kifuniko chake. Tunashauri uanze na mikono. Simama kando ya kitanda cha zahanati utazame sekunde tano baada ya damu kuonekana kwenye chemba ya kanula. Kidole cha kushoto kinakandamiza mshipa mbele ya ncha ya plastiki ili damu isimwagike. Mkono wa kulia unavuta sindano. Mpira wa dripu bado unaning'inia, haujaungwa. Hakuna mkono uliobaki, basi sindano yenye damu inawekwa juu ya godoro, na hapo itamchoma yeye, au anayeuguza, au mhudumu wa usafi atakayekunja shuka.

Jeraha hilo si dogo. Sindano ikiwa imetoka kwa mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takribani 0.3%. Kwa homa ya ini C makadirio ni kati ya 0.2% na 1.8%, na kwa homa ya ini B hufika 30% kwa asiyechanjwa. Dawa kinga za VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora.

Kwa hiyo kinga inayomtaka muuguzi afanye kitendo cha ziada ni kinga dhaifu. Usiku, akiwa peke yake na mtoto analia, hatakikumbuka. Kitufe chenye springi ya kuvuta sindano ndani ya kifuniko kinavutia kwenye maonyesho, lakini lazima kibonyezwe, na springi ikirudi kwa kasi hurusha matone ya damu hadi machoni. Ukilazimika kuitumia, ipunguze kasi kwa grisi nzito ya silikoni. Sisi tunapendelea klipu ndogo ya chuma cha pua iliyofichwa ndani ya kitako cha kanula. Sindano hupita katikati yake, na karibu na ncha huwa na uvimbe mdogo, mpana kuliko tundu la klipu. Ncha ikishapita, mikono miwili ya klipu hujifunga mbele yake, uvimbe unakwama, na klipu inatoka pamoja na sindano. Muuguzi amevuta tu kama alivyozoea. Faida nyingine ni kwamba sindano hairudishwi tena ndani ya plastiki, kosa linaloweza kuikata plastiki na kuacha kipande kwenye mshipa.

Klipu nayo ina matatizo yake. Ikibana kupita kiasi, sindano hukwaruza inapovutwa na kanula yote hutoka na mshipa kupotea. Ikilegea, hubaki kwenye kitako na ncha iko wazi. Pima nguvu ya kuvuta kwa kila kundi unalotengeneza, si kwa sampuli moja nzuri.

Mengine usiyaguse. Ncha ya chuma hutangulia plastiki kwa milimita moja hivi, ndiyo maana baada ya kuona damu muuguzi hushusha pembe na kusogeza kidogo kabla ya kusukuma plastiki. Ukiongeza pengo hilo ili kupata nafasi ya kinga yako, damu itaonekana huku plastiki ikiwa bado nje ya mshipa. Rangi za kanula, zinazoonyesha geji (kipimo cha unene), ziache pia: kijani geji 18, waridi 20, buluu 22, manjano 24. Wauguzi husoma rangi kabla ya namba.

Jaribu kifaa kikiwa mikononi mwa wauguzi waliovaa glavu zilizolowa, zikiwemo zile kubwa zinazopwaya, na watumiaji wa mkono wa kushoto wasikosekane. Badala ya mshipa tumia mpira wa silikoni uliozikwa kwenye jelatini, nawe ukae kimya usiwaelekeze. Majaribio 500 bila kinga kushindwa hata mara moja yanakuruhusu kusema, kwa uhakika wa 95%, kwamba kiwango cha kushindwa hakizidi 0.6%. Majaribio 20 hayakuruhusu kusema lolote la maana.

Kisha kuna joto la stoo zenye paa la bati. Ili kujua vitadumu vipi, vifaa huchakazwa haraka kwa makusudi kwenye joto la nyuzi 55, kwa kanuni kwamba kila nyuzi 10 huongeza kasi ya uchakavu mara mbili. Kwa stoo ya nyuzi 25, mwaka mmoja ni sawa na siku 46 za jaribio, lakini kwa stoo ya nyuzi 30 unahitaji siku 65. Chagua hiyo ya pili. Baada ya hapo kagua gundi inayoshika sindano na mshono wa pakiti, maana pakiti hizo zitatikiswa barabarani hadi Mpwapwa na Kondoa.

Kwa upande wa kinga ya ncha, kiwango cha kimataifa cha kufuata ni ISO 23908. Kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, pata kibali cha maadili na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mwisho, pima kifaa chako kwenye tundu la boksi la usalama, lile la kutupia sindano zilizotumika. Kinga nene hujaza boksi haraka, na boksi linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Ikibidi muuguzi asukume kwa kidole ili kiingie, rudi kwenye mchoro.