Kazi za mikono za wazee wakati wa baridi: anza na maganda ya mahindi

Dada, swali lako limenigusa. Umesema mama yuko Uyole, Mbeya, ameshavuka miaka 70, mavuno yamekwisha, na tangu Juni iingie anashinda jikoni akiota moto, maneno mawili kwa siku. Umeona mtandaoni wazee wa Ulaya na Marekani wakibandika majani makavu kwenye karatasi na kupaka maboga rangi, ukauliza kama umnunulie vifaa vya namna hiyo. Mimi niko Mafinga, naishi na mama mzazi na mama mkwe, na baridi ya huku unaijua. Nakueleza tunavyofanya sisi.

Vifaa hivyo usinunue. Wenzetu wa kaskazini, kuanzia Septemba hadi Novemba, majani ya miti yao yanageuka mekundu na ya njano kisha yanapukutika, kwa hiyo wanaokota kilichopo uani kwao. Kwetu baridi inakuja na mahindi, na kilichojaa uani ni maganda. Hata huko Marekani Kaskazini, wenyeji wa asili waliokuwa wakilima mahindi karne nyingi kabla hayajafika Afrika wamekuwa wakitumia maganda haya haya kutengeneza mikeka na wanasesere.

Halafu kuna suala la heshima. Mama aliyelima, aliyesuka, aliyelea watoto na wajukuu, ukimletea karatasi za kubandika na gundi ya shule ya awali atakwambia asante mwanangu, kisha ataviweka chini ya kitanda. Mzee anataka mikono yake itoe kitu kitakachotumika nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo, kimya, mpaka tulipoanza kusuka kizulia cha kufutia miguu mlangoni. Siku hizi asubuhi ndiye anayeuliza maganda yako wapi.

Kinatengenezwa hivi. Mnapomenya mahindi, maganda ya nje kabisa yaliyo magumu na yenye madoa wapeni ng'ombe. Chukueni ya ndani, yale laini meupe. Yakishakauka vizuri yanakaa kwenye kiroba hata miezi, mradi unyevu na panya wasiyafikie. Siku ya kazi unayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 10, unayakung'uta, unayafunika na kitambaa kibichi yasikauke kabla ya kutumika. Maji hayo ya uvuguvugu yana faida mara mbili: mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi akichovya mikono humo kuyatoa maganda, vidole vinalegea kabla hata hajaanza.

Kisha anachana vipande vya upana wa kidole na kusuka mikia mitatu, ule msuko wa nywele ambao kila mama anaujua. Mkia mmoja ukianza kuwa mwembamba anachomeka kipande kipya juu yake na kuendelea. Ncha zote zibaki upande mmoja, huo ndio utakuwa upande wa chini. Mama yangu alizoea kubana mwanzo wa msuko kwa kidole gumba cha mguu, amenyoosha miguu mkekani, anasuka huku anavuta kuja kwake. Magoti yalipomkataza kukaa chini tulipiga msumari kwenye fremu ya mlango, tukafunga mwanzo wa msuko hapo. Sasa anakaa kwenye kiti chenye egemeo, anasuka, na msuko unavyorefuka anausogeza. Kama mama yako naye hawezi kukaa chini, fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza.

Kizulia cha upana wa sentimita 50 kinahitaji msuko wa mita 8 hivi, ukiwa na unene wa vidole viwili vyembamba. Unauzungusha kuanzia katikati na kushona mzunguko mmoja na mwingine kwa shazia na uzi wa katani. Hapa pana siri yake: ukivuta sana msuko, kingo zinanyanyuka na kizulia kinageuka bakuli. Ukilegeza sana, kingo zinajikunja mawimbi. Shonea juu ya meza iliyonyooka, na kila baada ya mizunguko miwili ukibonyeze kwa kiganja. Kikiisha kianikwe juani mpaka kikauke hadi ndani, la sivyo kitapata ukungu, hasa Mufindi na Rungwe ambako jua lenyewe ni la kubahatisha. Ukitaka rangi, ile ya unga wanayotumia wasuka ukili, ule msuko wa mikeka, inakubali pia kwenye maganda. Lakini kuchemsha rangi ifanywe na kijana.

Kama macho ya mama si mazuri, kusuka hakumsumbui, maana vidole vinaona vyenyewe. Kushona ndiko kunakohitaji macho. Kwa hiyo gaweni: bibi asuke, mjukuu ashone. Kwetu hapa ndipo mazungumzo yalipofufuka. Mtoto anauliza bibi hapa nimekosea, bibi anafumua, anamwonyesha, na katikati anaingiza habari za zamani walivyokuwa wakienda kukata majani ya kuezekea. Ndicho ninachokutakia kwa mama yako kuliko kizulia chenyewe.

Kuhusu vikapu vya milulu, zile nyasi ndefu za kusukia, najua wengi watakutajia kwa kuwa Iringa inasifika navyo. Ni kazi nzuri mno, lakini milulu inataka vidole vyenye nguvu na subira ya muda mrefu. Kama mama alisuka tangu usichana, mletee milulu mara moja, mikono itakumbuka. Kama hakuwahi, usimwanzishie uzeeni, atakata tamaa mapema. Akiwa ni mtu wa Rungwe, majani makavu ya mgomba yatamfaa zaidi: kata ya kubebea ndoo kichwani anaimaliza kwa kikao kimoja, na majirani wataichukua.

Mikono inayotetemeka inapatana na vipande vya kitenge. Fundi cherehani yeyote anavyo mfuko mzima na mara nyingi anatoa bure. Kata vipande vya urefu wa kidole, chukua gunia la katani, toboa kwa kijiti kilichochongwa, pitisha kipande, funga fundo, endelea pembeni yake. Hakuna kinachoharibika mkono ukiteleza. Gunia likijaa linakuwa zulia zito la kuwekea miguu kando ya kitanda, na kwa baridi ya Julai utaona thamani yake.

Vile vitunda vikavu vya misindano vinavyookotwa kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, huku Mufindi, ni vya watoto zaidi. Vingi vinakuja vimefumba, ukiviacha juani vinafunguka vyenyewe, wajukuu wanapenda kutazama. Kupanga picha kwa maharage ya rangi mbalimbali sikushauri. Mama yangu alikataa kata kata, akasema chakula hakigandishwi ubaoni, na ninakubaliana naye.

Ukipita Iringa mjini, ingia Neema Crafts. Walianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na mpaka leo kazi nzuri unazoziona pale zinatoka kwenye mikono ya watu wenye ulemavu. Mpeleke mama akaone kwa macho yake, kwa sababu wazee wetu wengi wanaamini mikono yao imeshakwisha.

Jambo moja naomba ulisimamie kwa ukali. Wazee wanapenda kufanya kazi hizi chumbani, mlango umefungwa, jiko la mkaa katikati. Hewa ya mkaa inaua, haina harufu wala moshi wa kukuonya, na watu wanalala nayo wasiamke. Dirisha liwe wazi, jiko litoke nje kabla ya kulala, na maganda makavu yakae mbali kabisa na moto. Sisi tunafanya kazi kuanzia saa nne asubuhi, jua likishatoka, kibarazani. Saa moja na nusu inatosha, mkono ukianza kuuma anaacha.

Biashara usiianze sasa. Mwache kwanza atengeneze cha mlango wake, cha kanisani, cha shangazi. Wateja wakija wenyewe mtaongea bei.

Mwezi ujao ukisafiri kwenda Uyole, beba shazia mbili zenye tundu kubwa, bonge la uzi wa katani, mkasi unaokata kweli na pakiti mbili za rangi ya ukili. Maganda piga simu leo hii, waambie wasiyamalize yote kwa ng'ombe.