Mhariri anataka nifumue riwaya yangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mswada wangu wa riwaya una kurasa 240. Mhariri ameurudisha: sura nne za mwanzo zitoke, na mjomba anayesimulia aondoke, asimulie msichana mwenyewe. Mwezi wa tatu huu, kila nikiufungua naishia kurekebisha koma. Nianzie wapi?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Koma ziache. Unazishika kwa sababu haziumi.

Mimi yaliwahi kunikuta. Niliandika sura nzima ya wavuvi wa dagaa: usiku, mbalamwezi imetanda ziwani, binti yuko ufukweni anamwona mchumba wake mtumbwini na mwanamke mwingine. Niliipenda sura ile! Nikamsomea mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni Kirumba. Hakungoja nimalize: "Mwalimu, kwa mbalamwezi hiyo wanavua dagaa gani?" Na mimi mzaliwa wa Mwanza. Dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu.

Nikadhani nitafuta neno "mbalamwezi" yaishe. Wapi! Bila mwezi binti haoni mtu, na asipoona, ugomvi wa sura ya tisa hauna chanzo. Nilinuna siku mbili. Kisha mswada nikaufungia kabatini, nikanunua daftari, nikaiandika sura ile upya bila kuchungulia ya zamani. Giza totoro, taa zinaelea mbali, na binti anasikia kikohozi cha kike kutoka kwenye mtumbwi wa mchumba wake. Kikohozi kile alikisikia tena sokoni, kwenye daladala, hata msibani. Kwa macho nisingekipata.

Wewe usianze na zile sura nne, anza na mjomba. Pitia mswada wote na penseli, kila ukurasa ujiulize: hili msichana amelijuaje? Mengine alikuwapo. Mengine atayasikia ukutani, au ataambiwa uongo. Mengine hatayajua kabisa, na hapo ndipo utakapolia kidogo. Nahisi ukimaliza utakuta sura nne zimejifia, maana mjomba ndiye aliyezihitaji ili ajieleze yeye ni nani. Hapo fungua daftari jipya, andika kuanzia ile ya tano.

Nakala ya zamani usiichome. Mjomba huyo huenda ana hadithi yake.

Mhariri mwandikie leo hii, umwombe miezi minne. Usiseme miwili.