Kabla Hujanunua Roboti, Uliza Nani Mwingine Aliilipia

Tajiri wangu alirudi kutoka Guangdong na video kwenye simu: mkono wa chuma unapanga katoni usiku kucha, hakuna mtu karibu. Akaniambia, "Fundi, hii lazima ifike Changamwe." Nami, kusema kweli, nilifurahi kumshinda yeye. Fundi gani hataki kuchezea roboti?

Mkono ulifika. Miezi mitano baadaye ulikuwa chini ya turubai nyuma ya godauni, na vijana walewale wanne wanapanga katoni za sabuni kama zamani. Haukuwa mbovu. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu, na naiandika kwa sababu wenye karakana hawaishi kunipigia simu wakitaka kupita njia ileile.

Tulibeba hesabu ya China tukaishusha Mombasa. Kule, tangu ulipotangazwa mpango wa Made in China 2025 mwaka 2015, roboti ni shughuli ya serikali. Mikoa na miji, Guangdong ikiwemo, ilikuwa ikimrudishia mwenye kiwanda sehemu ya bei ya mashine. Mwenyeji wa tajiri alipotaja pesa yake ilivyorudi upesi, hakusema kwamba nyingine hata haikutoka mfukoni mwake. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya roboti mpya za viwandani duniani zilifungwa China.

Kwa hivyo ukionyeshwa roboti ya bei rahisi, uliza nani mwingine aliilipia. Japani ilisaidia kuanzisha kampuni ya kukodisha roboti mwaka 1980, ili mwenye karakana ndogo asilazimike kununua. Italia, mwaka 2017, ilimruhusu aliyenunua mtambo wa kisasa kuhesabu 250 kwa kila 100 aliyotumia anapopiga hesabu ya kodi. Singapuri imekuja kwa mlango mwingine: ukiajiri mgeni unamlipia tozo kila mwezi, basi mashine inaanza kuonekana nafuu bila mtu kuisifia.

Korea Kusini ndiyo inayoongoza. Mwaka 2023 ilikuwa na roboti 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, wakati wastani wa dunia ulikuwa 162. Walipopanga kupunguza nafuu ya kodi kwa wanaonunua mitambo hiyo, mwaka 2017, magazeti yakaiita kodi ya roboti. Hakuna roboti iliyotozwa chochote. Ni peremende iliyopunguzwa tu.

Sasa njoo kwetu. Kiwanda cha EPZ, yaani kilicho kwenye eneo maalum la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, hakilipi kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Wengi wanadhani hiyo inavuta roboti, lakini nafuu ya kodi kwa ajili ya mtambo itamfaa nini mtu asiye na kodi ya kupunguziwa? Halafu weka mshahara: kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Mombasa kilipandishwa 2022 kikafika shilingi 15,201 kwa mwezi. Mwenye kiwanda cha nguo cha cherehani mia tano hana haraka ya kununua roboti.

Sisi hatuko EPZ, tunalipa. Mpaka 2020 sheria ilimruhusu aliyewekeza angalau shilingi milioni 200 nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kukata asilimia 150 ya gharama hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Tungekuwa Mariakani, na tungekuwa na hizo milioni, tungeongea mengine. Baada ya hapo, kwa sisi wa Mombasa, ikawa unakata hivyo hivyo nusu ya gharama ya mtambo mwaka wa kwanza. Si haba, ila nafuu hiyo inakungoja mwisho wa mwaka, na benki inataka yake mwisho wa mwezi.

Ushauri wangu: piga hesabu mara mbili, moja ukichukulia serikali haikupi kitu kabisa. Mashine ikisimama kwa hesabu hiyo, nunua. Na uliza spea kabla ya bei. Sensa moja ndogo ilitukalisha wiki tatu tukiisubiri kutoka Shenzhen, huku hamali wa Shimanzi wakitucheka.

Mwishowe tulitengenezewa mkanda wa kusukuma katoni na mafundi wa hapahapa, na wale vijana wanne migongo imepona. Mkono bado uko. Jumamosi nafunua turubai, nawafundisha wanafunzi wa ufundi kuuendesha, na tajiri analalamikia bili ya stima.