Wasifu wa marehemu usiandikwe saa nane usiku

Mimi wa mama yangu niliuandika saa nane usiku, mazishi kesho yake, nimekaa jikoni na laptopu ya binamu chaji inakata, huku kamati wananipigia kila saa maana mtu wa stesheneri anataka kuprinti. Nikaandika kama sivii tu. Kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, kustaafu, kuugua, kufariki. Mchungaji akausoma dakika tatu ukaisha, mimi nimekaa pale najiuliza jamani huyu anayesomwa ni nani.

Mama alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wadogo zangu labda hamjui, baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali ilitaka ikifika 1977 watoto wote wawe shuleni, sasa walimu watatoka wapi, ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Baadaye watu wakafanya "mwalimu wa UPE" kama tusi. Ukimtania hivyo mama anacheka, halafu anakuuliza, na wewe a e i o u ulifundishwa na nani?

Hiyo haikuwemo kwenye wasifu. Wala mikoba yake, ambayo ukiigeuza yote inamwaga unga wa chaki mpaka ule wa kanisani, na alishastaafu zamani. Wala ile barua. Nikiwa bodingi nilimwandikia "naomba unitumie hera ya sabuni", akanirudishia karatasi ileile imesahihishwa kwa biki nyekundu, hera kaizungushia duara, chini 6/10, "Rudia". Hela ilikuwemo ndani ya bahasha, ila sio yote niliyoomba.

Kwahiyo ushauri wangu. Kwanza msiba ukitokea, zuia watu wa usafi. Madaftari ya mama ya andalio la somo, box zima, yalichomwa na shangazi siku ya pili ili chumba kipate nafasi ya magodoro, na siwezi kumlaumu, ni mimi ndo sikusema.

Pili, waachie wanafunzi wake muda wa kuongea. Sisi tulikuja kufanya hivyo kwenye arobaini. Akasimama mzee mmoja simjui, anasema mwanae alienda vita vya Kagera, barua zikija ilibidi jirani amsomee, basi mambo ya nyumbani kwake kijiji kizima kinayajua. Akaenda kwa mama jioni, kisomo cha watu wazima. Barua ya mwisho aliisoma mwenyewe, mlango umefungwa. Mama hakuwahi kutuambia habari za huyo mzee hata siku moja.

Tatu, kama mama yako yupo mrekodi sasa hivi, na usimwambie "nisimulie maisha yako" atakujibu "maisha gani, nenda ukale". Muulize mshahara wa kwanza alinunua nini. Muulize mtoto gani alimsumbua sana darasani, hapo hanyamazi. Alafu hizo sauti zitoe kwenye simu, weka hata sehemu mbili, maana simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa na voisi zote. Imebaki moja tu niliyokuwa nimemfowadia mdogo wangu, sekunde kumi na moja, mama anasema nikitoka kazini nipitie chumvi, "na usisahau kama jana".