Nilizungusha pesa za waliounguliwa, kisha nikazirudisha

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Moto ulipoteketeza kambi ya wavuvi kisiwani, msikiti wetu ulichangisha, mimi nikawa mweka hazina. Zilipatikana shilingi 3,400,000. Wakati tunasubiri orodha ya waathirika nilichukua 800,000, nikanunua dagaa, nikauza, nikarudisha zote ndani ya wiki mbili. Faida 120,000. Mwenyekiti naye alijichukulia mablanketi mawili ya msaada. Na sasa kamati inataka 600,000 zilizobaki zijenge sehemu ya kutawadhia. Kuna ubaya gani, ikiwa waathirika walipata?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kwanza nakushukuru kwa kutaja kiasi. Wengi huniambia “nilichukua kidogo”, na kidogo cha mtu huwezi kukitolea hukumu.

Waliotoa walikuambia: wapelekee walioungua. Ukawa wakili wao, na wakili haendi nje ya alichotumwa. Wewe unalijua ziwa hili kuliko mimi: mvua ikinyesha siku mbili dagaa wakiwa wameanikwa, mtaji wote unakuwa chakula cha kuku. Basi hukuhatarisha mtaji wako, ulihatarisha mabati ya mtu aliyelala nje. Kwamba jua liliwaka ni fadhila za Allah, si hoja yako.

Iko habari aliyoipokea Imam Malik. Abu Musa al-Ash'ari, gavana wa Basra, aliwapa watoto wawili wa Khalifa Umar, waliokuwa wakirudi kutoka jeshini Iraq, mali ya hazina waipeleke Madina, akawaruhusu wanunue bidhaa za Iraq, wauze Madina, warudishe mtaji, faida iwe yao. Umar akawauliza: je, jeshi lote lilikopeshwa kama nyinyi? Wakasema hapana. Akataka mtaji na faida vyote. Mmoja akajitetea kwamba mali ingepotea wao ndio wangelipa. Mwisho, kwa ushauri wa aliyekuwapo barazani, faida ikagawanywa nusu kwa nusu.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya faida ya namna hii, na utamkuta wa kukuambia uibakishe. Mimi nasema wapelekee waathirika 120,000 yote. Wale vijana waliruhusiwa na gavana. Wewe ulimuuliza nani?

Mwenyekiti arudishe mablanketi, na kama yameshalaliwa, alipe bei ya mapya. Asiyaone madogo. Baada ya vita vya Khaybar mtumishi mmoja wa Mtume (s.a.w.) aliuawa kwa mshale, watu wakamwita shahidi. Mtume akaapa kwamba kishali alichochukua siku ya Khaybar kwenye ngawira (mali iliyotekwa vitani) kabla haijagawanywa kinamuwakia moto. Aliposikia hayo mtu mmoja akaja mbio kurudisha kamba ya kiatu aliyokuwa ameichukua.

Nauli ya boti na wabebaji haina shida, itoke humo humo, kwa risiti.

Ama hizo 600,000, kutawadha ni ibada lakini si walichochangia watu. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 nchi nzima ilichanga, kisha tukasikia viongozi wametenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Nyinyi hamjafika huko. Ila tangu hapo mtu akiona kapu la mchango wa maafa anakutazama usoni kabla ya kutia mkono mfukoni, na mkijenga mabomba kwa pesa za waliounguliwa mnampa sababu.

Pandeni boti kwanza mkaulize nani hajaezeka. Sidhani kambi nzima imesimama kwa 2,800,000. Mkikuta kweli wametosheka, tangazeni baada ya Ijumaa kiasi kilichobaki. Anayetaka chake arudishiwe, zilizobaki ziwekwe kwa waathirika wa janga lijalo. Sehemu ya kutawadhia ipitishiwe kapu lake.

Wallahu a'lam.