Swali la Lugha: Joto la bahari, halijoto ya bahari na vuli ya Mtwara

Swali: Nilisikia redioni msomaji wa taarifa akisema, “Halijoto ya bahari limekuwa kali na limevunja rekodi, likifikia nyuzijoto 21, jambo linalotarajiwa kuathiri mvua za vuli katika mikoa ya Lindi na Mtwara.” Mwanangu wa kidato cha pili anasema sentensi hiyo ina makosa matatu. Baba yake anasema haina kosa, maana kila mtu ameielewa. Mimi kinachonitatiza ni kwamba maji ya hapa kwetu yana joto kuliko hizo nyuzi 21 hata wakati wa kusi. Naomba mtusaidie. (Mama wa mwanafunzi, Mikindani, Mtwara)

Jibu: Mama yangu, mwanao ana haki, na hilo linalokutatiza wewe ndilo kosa la nne, tena ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linahusu maana na si sarufi peke yake.

Tuanze na upatanisho wa kisarufi, ambao hautachukua muda. Neno “joto” limo katika ngeli ya LI-YA, ndiyo maana tunasema joto limezidi, joto la leo, joto lililotusumbua usiku. Neno “halijoto” limeundwa kwa kuunganisha hali na joto, na katika maneno ya muundo huu sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua ngeli. Kwa kuwa “hali” iko katika ngeli ya I-ZI, husemwa halijoto imepanda, halijoto ya leo, halijoto iliyopimwa. Msomaji wa taarifa alivutwa na sikio, kwa kuwa neno linaishia na “joto”, akalipatanisha na mkia badala ya kichwa chake. Huandikwa kama neno moja, bila nafasi katikati.

Kosa la pili ni “kali”. Jua huwa kali, joto huwa kali, baridi huwa kali, kwa sababu hayo ni mambo yanayomfikia mtu na kumuumiza ngozi. Halijoto ni kiwango, na kiwango hakiwi kikali wala kipole: huwa juu au chini, hupanda au hushuka, hufikia mahali au hupita hapo. Mama akimgusa mtoto shingoni akahisi amechemka, husema mtoto ana joto. Hasemi mtoto ana halijoto, kwa kuwa halijoto mtoto anayo siku zote, mzima au mgonjwa, na hata kipande cha barafu kinachouzwa pale wanaposhusha samaki kina halijoto yake, ingawa hakuna atakayesema kina joto. Hapo ndipo maneno haya mawili yanapoachana, na hapo ndipo tunapoona kwa nini “halijoto” lilihitajika: tulikuwa na neno la kutaja uwepo wa joto, lakini tulihitaji neno la kutaja kipimo hata pale ambapo joto lenyewe ni kidogo mno.

Hata hivyo siwaungi mkono wale wanaofuta “joto la bahari” kwa wino mwekundu kila wanapolikuta. Lugha yetu ilikuwa ikipima joto kabla “halijoto” halijaenea. Chombo tunakiita kipimajoto, kizio tunakiita nyuzijoto, na hospitalini hupimwa joto la mwili. Kwa hiyo “joto la bahari limepanda” ni Kiswahili safi, na kwa msikilizaji wa kawaida mara nyingi hugusa zaidi. Ninachoomba ni kwamba mwandishi anayetaja takwimu, wastani au ulinganisho wa mwaka na mwaka atumie “halijoto”, na anayeeleza kile wanachokihisi wavuvi au kinachowapata matumbawe atumie “joto”. Maji yanayozidisha joto kwa wiki kadhaa huyafanya matumbawe yawatoe viumbe wadogo wanaoyapa rangi na sehemu kubwa ya chakula, yakabaki meupe. Hapo neno ni joto, maana kinachodhuru ni joto lenyewe. Mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba kupauka huko kwa matumbawe kumeenea duniani kwa mara ya nne, na sisi wa pwani hii, wenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tuna kila sababu ya kulielewa jambo hilo kwa maneno yaliyonyooka.

Sasa nije kwenye nyuzijoto 21. Takwimu hiyo ni ya kweli, ila imeachwa bila neno lake la lazima, ambalo ni “wastani”. Copernicus, huduma ya Umoja wa Ulaya inayofuatilia tabianchi, ilitoa wastani wa nyuzijoto 21.07 kwa Machi 2024, na wakati huo kilikuwa kiwango cha juu kuliko cha mwezi wowote katika kumbukumbu zake. Lakini huo ni wastani wa uso wa bahari zote zilizo kati ya latitudo 60 kusini na latitudo 60 kaskazini, yaani maji ya tropiki yamechanganywa katika hesabu moja na maji ya karibu na Iceland na ya kusini kabisa mwa Amerika. Mtwara iko kwenye latitudo 10 hivi kusini mwa ikweta. Uso wa bahari yetu huwa karibu na nyuzijoto 25 mwezi Agosti na Septemba, baada ya kusi kuvuma kwa muda mrefu, na hukaribia 29 au 30 mwezi Machi, kaskazi inapomalizika. Mkondo mpana wa maji ya vuguvugu unaotoka mashariki mwa Bahari ya Hindi huipiga pwani ya bara karibu na Rasi ya Delgado, kusini mwa Mto Ruvuma, ukagawanyika, na tawi lake moja hupanda kaskazini likipita mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa. Kwa hiyo hukukosea hata kidogo kushangaa. Mtu aliyezaliwa Mikindani akiambiwa “bahari imefikia nyuzijoto 21” ana haki ya kudhani kwamba bahari imepoa.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na baba watoto, kwa heshima zote. Kusikika si kueleweka. Kila aliyeisikiliza taarifa ile alielewa kwamba kuna jambo baya baharini, lakini ni wachache walioelewa ni jambo gani.

Kosa la jirani na hili, ambalo halimo katika sentensi uliyoleta lakini nalisikia karibu kila wiki, ni kuchanganya “kwa” na “hadi”. Tukisema halijoto ya dunia imepanda kwa nyuzijoto 1.5, tunataja nyongeza juu ya ilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, na hicho ndicho kiwango kilichotajwa katika Mkataba wa Paris wa 2015. Tukisema imepanda hadi nyuzijoto 1.5, tunasema dunia nzima iko karibu na kuganda, ilhali wastani wake ni takriban nyuzijoto 15. “Imefikia nyuzijoto 1.5” ina kasoro ileile. Kihusishi kimoja kinatosha kupotosha habari nzima, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulikamata kosa hilo akifundishwa mapema.

“Kuvunja rekodi” sina ugomvi nako. Rekodi limekuwa neno letu tangu zamani katika riadha na kwingineko. Ila rekodi ya bahari ina maana pale tu inapoambiwa ni tangu lini. Zamani mabaharia walichota maji kwa ndoo na kutia kipimajoto ndani yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 satelaiti hupima uso wa bahari yote. Na katika karne hii vyombo vinavyoelea viitwavyo Argo, vinavyokaribia 4,000, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka na vipimo. Kwa hiyo badala ya “kuwahi kurekodiwa”, maneno yanayosomeka kama tafsiri, ningependa zaidi “kuliko mwezi wowote tangu vipimo hivi vianze mwaka fulani”, mwaka wenyewe ukatajwa.

Limebaki suala la vuli, ambalo naamini mwanao alilihesabu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huigawa nchi katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua na yanayopata mmoja. Pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, ina vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika taarifa za Mamlaka mvua hizo huitwa “mvua za Msimu”, kwa herufi kubwa, kama jina. Huku kwetu watu wengi huziita masika tangu zinapoanza hadi zinapokatika, na wamezoea hivyo kwa uhalali wao. Vuli, kwa maana ya msimu unaojitegemea, hatuna.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya mkulima wa Newala, Tandahimba au Nachingwea. Oktoba na Novemba ni miezi ya kuokota korosho, na mvua ikizikuta korosho chini zinalowa na daraja lake linashuka. Mkulima huyo akisikia “mvua za vuli” anaweza kudhani habari ni ya watu wa Tanga na Unguja. Akisikia “mvua za Msimu zitaanza mapema” atajua la kufanya. Jina hilo nalo lina ugumu wake, kwa kuwa ukiandika “mvua zisizo za msimu” kwa herufi ndogo bila maelezo, msomaji hajui kama unakanusha jina au unataja mvua iliyokuja wakati usio wake. Kwa maana hiyo ya pili andika “mvua za nje ya msimu”. Mvua iliyoletwa na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, iliyofurika Kilwa na kuikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, ilikuwa mvua ya kimbunga, nje ya msimu. Wala haikuwa vuli wala masika, ingawa niliona ikiitwa kwa majina yote mawili.

Neno “kuathiri” nalo ningeliondoa. Masikioni mwa wengi lina harufu ya madhara, tena halisemi mvua itaongezeka au itapungua. Kama wataalamu walisema itaongezeka, basi iandikwe hivyo. Sentensi nzima ningeiweka hivi: “Wastani wa halijoto ya uso wa bahari za dunia umevunja rekodi kwa kufikia nyuzijoto 21, jambo linalotarajiwa kuongeza mvua za vuli katika pwani ya kaskazini na kuwahisha mvua za Msimu katika mikoa ya Lindi na Mtwara.” Sehemu ya mwisho, kuanzia “kuongeza”, ibadilishwe kufuata utabiri wenyewe ulivyosema, sehemu ya kwanza ibaki kama ilivyo.