Kuvua wakati wa baridi kwenye mto unaojaa na kupwa: fuata maji, usifuate jua

Wewe unayeanza mwaka huu, nianze na kosa langu. Majira ya joto nilizoea kufika mtoni alfajiri, na baridi ilipoingia nikaendelea vilevile. Karibu mwezi mzima nilirudi mikono mitupu, vidole vimekufa ganzi. Samaki walikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nafika kwa saa zangu badala ya saa zao.

Mambo yako hivi. Maji ya bahari hupoa polepole, ya mto hupoa haraka, hasa baada ya usiku wa jalidi (umande ulioganda). Kwa hiyo wakati wa baridi maji yakijaa huingia na joto kidogo, na kwa kuwa ya chumvi ni mazito, hupenya chini ya yale matamu. Siku moja nilifunga kipimajoto kwenye kamba: juu nyuzi 3, chini karibu na sakafu ya mto nyuzi 6. Kwako wewe mwenye koti tofauti ya nyuzi 3 si kitu. Samaki mwili wake huwa na joto lilelile la maji, kwa hiyo hizo nyuzi 3 ndizo zinazoamua kama atakula au atalala.

Basi vua saa 2 za mwisho za maji kujaa, na kile kitambo maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50: kama leo maji yamejaa saa 9 alasiri, kesho ni karibu saa 10. Na jedwali la maji, ile orodha ya saa za kujaa na kupwa, ni la mlangoni mwa mto. Ukiwa juu zaidi, maji hukufikia baadaye. Chomeka kijiti ukingoni, andika saa maji yalipokoma kupanda, rudia siku chache, utapata jedwali la pale unaposimama.

Wengi watakusifia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Majira ya joto ni sawa, lakini kwenye baridi mimi nachagua maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, kwa sababu samaki asiye na nguvu hashindani na mkondo mkali. Hujibanza kwenye shimo au nyuma ya nguzo ya daraja. Mvua kubwa ikinyesha huko juu na mto ukashuka na tope, kaa nyumbani.

Chambo kiwe kidogo, kitulie chini. Usingoje ncha ya fimbo itikisike. Mshipi uliokuwa umekaza hulegea kidogo tu, kama upana wa kidole, kisha kimya. Ndiye huyo. (Pete za fimbo zikishika barafu usizigonge, zitavunjika, zipake mafuta ya midomo kabla ya kutoka.)

Jaketi la kuokolea lisitoke mwilini, hata kama uko ukingoni tu. Ukitumbukia, dakika ya kwanza utahema bila kujizuia, na ukihema kichwa kikiwa chini unameza maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 tu kabla mikono haijakataa kushika chochote, hata uwe muogeleaji hodari.

Na matope. Nilisimama juu ya fungu la tope nikiangalia mbele, maji yakapitia kwenye mfereji ulioko nyuma yangu. Jedwali lilinipa nusu saa zaidi, ila halijui upepo: upepo ukivuma kutoka baharini na kanieneo ya hewa ikashuka, maji hupanda kuliko ilivyoandikwa. Nilivuka yakiwa magotini, na tope likang'ang'ania buti. Sasa kabla ya kutupa mshipi nageuka nyuma, natafuta mfereji, kisha nasimama upande wake wa nchi kavu. Buti la kushoto bado liko huko.